Upande wa Mbuzi

Mdomo wa Marsela ulikuwa ukienda, mikono ikienda, hata kilemba chake kilikuwa kikienda kwa utamu wa yale aliyokuwa akiyasema. Lakini Germana, aliyeketi mbele yake karibu kabisa, magoti yakigusana, hakusikia kitu. Mvua ilikuwa ikichapa mabati mapya kana kwamba imetumwa kuyatoboa.

"Pikipiki ya nani?" Germana alipiga kelele.

"Ya bwana mifugo!" Marsela akajaza mapafu. "Imeegeshwa uani tangu asubuhi! Kwenye nyumba isiyo na ng'ombe, isiyo na mbuzi, isiyo hata na kuku! Kwa mama—"

Hapo mbingu ikafunguka zaidi. Jina likaondoka na maji. Marsela alilirudia mara ya pili, akalirudia tena mishipa ya shingo ikimtoka, kisha akakata tamaa. Alimaliza chai yake, akajifunika kanga kichwani, akasimama. Mlangoni aligeuka, na mvua, kwa kiburi chake, ikatulia kidogo ili maneno haya tu yapite:

"Nyumba nzuri, Mama Inosenti!"

Germana alibaki peke yake na makochi yake manne, kila kochi limevikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kukaa na umbea nusu.

Nyumba ya zamani ilikuwa tembe. Mgongo wake ulizama kwenye mteremko, na paa lake la udongo lilikuwa bapa kiasi kwamba mbuzi walilipanda kutoka nyuma na kulitembelea kama uwanja wao. Ndani kulikuwa na giza la moshi na nguzo nyeusi za kung'aa. Nusu ya mbele watu, nusu ya nyuma mifugo, na mbele huko, katikati ya watu, mafiga matatu ambayo Germana hakukumbuka siku yalipopoa. Aliyeingia kuomba chumvi alitoka ameshiba makande. Watu walikaa kitandani, juu ya magunia, juu ya kinu kilicholazwa, mgongo wa huyu ukiegemea magoti ya yule. Siku za mnada hata Senteu, Mmasai wa Malambo aliyeshusha ng'ombe kwa kupitia nyanda za juu za Ngorongoro, alilala hapo na habari za huko kote. Karatu nzima ilijua kwamba jambo lisilojulikana kwa Germana bado halijatokea.

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwenye wema. Mnada mmoja watu walizidi, wengine wakanywea chai nje kwenye baridi, na Germana akaona aibu kama aliyewafukuza. Mwaka huo wa sabini na sita kila mkutano ulikuwa ukihubiri nyumba bora, na Inosenti, mwanawe mkubwa aliyekuwa kiwandani Arusha, alikuwa ameahidi mabati. Basi Germana akatangaza, mbele ya moto wake: atajenga sebule ya kuwaingiza wote.

Tangu siku hiyo kila aliyekuja kuota moto alikuja na ramani yake. Marsela alitaka dirisha kubwa upande wa barabara, ili wapitao waonekane tangu kwenye kona. Katekista alitaka mlango nao ugeuzwe huko, kwa heshima. Evarista, wifi yake aliyekuwa ametoka tu kumtembelea Inosenti, alisema kwamba mjini hakuna mtu mwenye akili anayewasha kuni sebuleni.

"Moshi mpaka kwenye nywele, wifi! Mafiga ni ya jikoni, na jiko ni la nje. Sakafu ipigwe saruji, ing'ae."

Germana alikubali dirisha, akakubali mlango, akakubali saruji. Mwanamke ambaye hakuwahi kumnyima mtu mahali pa kukaa angewezaje kumnyima mtu wazo lake?

Aliyekataa alikuwa mumewe, Qamara, mtu wa maneno machache ambaye maisha yake yote aliyamalizia kwenye pembe na kwato.

"Bomoeni mbele," alisema. "Nyuma hapaguswi. Mbuzi wangu wanazaa mwezi huu."

"Baba Inosenti, utaacha nusu ya nyumba iwe tembe? Watu watasemaje?"

"Watasema mbuzi wamezaa."

Germana alichemka. Alimsema kwa majirani, akamsema kwa katekista, akamsema hata kwa fundi siku ya kwanza fundi alipofika. Huyo fundi, Naftali, alikuwa kijana mwenye penseli sikioni na jibu moja kwa kila swali.

"Hizi nguzo zikitoka, Naftali, hiyo nyuma haitaanguka?"

"Ondoa shaka, mama. Tunapiga ukuta wa tofali katikati."

"Na hilo dirisha, upepo je?"

"Ondoa shaka, mama. Hewa safi hiyo."

"Dari je?"

"Mbao zinakuja, mama."

Mbuzi majike wawili waliuzwa kununua saruji, nao walikuwa wazuri. Siku Naftali alipong'oa mafiga na kuyatupa kwenye kifusi, Qamara alisimama akayatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mifupa ya mnyama wake. Kisha akayabeba moja moja, yakiwa bado na masizi, akayaingiza kule nyuma kupitia mlango wa mbuzi.

"Sasa unawapikia?" Germana akamkejeli, na mafundi wakacheka.

"Watoto wa mbuzi wanataka joto," Qamara akajibu, akaenda kuchukua jiwe la tatu.

Nyumba ilikwisha kabla ya Pasaka. Watu walikuja kuitazama, nao walijaa kweli, siku hiyo. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walikaa kwenye ncha za makochi, mikono magotini, kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Waliokuwa wakilalamika na kutukanana kwa raha juu ya magunia sasa walisema "ndiyo" na "asante." Kila mtu alisifu dirisha. Hakuna aliyeuliza chakula cha jioni.

Halafu mvua za masika zikaja na kelele zake, na baada ya mvua ikaja baridi ya Juni, ukungu ukiteremka kutoka msituni na kuingia kwa ule mlango wa heshima bila kubisha hodi. Mbao za dari hazikuja. Mvuke wa pumzi za watu ulipanda, ukagusa mabati, ukarudi chini kama matone. Tone moja lilimwangukia katekista shingoni katikati ya sala, akasahau alipofikia. Saruji ilikula miguu. Watu wakaanza kuwa na shughuli nyumbani kwao. Evarista, mwenye saruji yake, alipatwa na kifua, akasema daktari amemkataza sehemu za baridi.

"Sehemu za baridi!" Germana alimwambia Qamara. "Ni nani aliyezileta, kama si yeye? Na Marsela na dirisha lake! Mbona hakai hapo akatazama barabara?"

Qamara alikuwa akimnywesha mwanambuzi maziwa kwa kidole. Alichovya kidole tena, akamrudishia mdomoni, na hilo lilimkera Germana kuliko jibu lolote.

Germana alichoka hata akaamua kuwasha moto hapohapo katikati ya sebule, bila mafiga, kuni juu ya saruji, wa mjini waseme watakavyo. Ilikuwa siku ya mnada, na Senteu alikuwa amefika tu, amekaa kwenye kochi na rubega zake mbili, meno yakigongana. Moto ulipokolea, sakafu ilipasuka kwa mlio wa bunduki. Kipande kiliruka, kikapita karibu na sikio la Senteu, kikagonga ukuta. Yule mtu aliyekuwa amelala porini na simba wakinguruma alijikuta yuko nje na rungu mkononi.

Naftali aliitwa. Alichuchumaa, akaupapasa ufa uliotoka katikati mpaka mlangoni.

"Mama, hapa hapawashwi moto."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Niliuliza kila kitu, wewe mtoto! Kila kitu! Ukaniambia niondoe shaka!"

"Ondoa shaka, mama. Tutaziba."

Germana alitafuta kitu cha kumtupia, akakuta vitambaa vya kufuma tu.

Senteu alikataa kurudi kwenye kochi. Alizungumza kwa adabu, mkono kifuani. "Yeyo, mama yangu, nyumba hii nzuri sana. Lakini mimi leo nitalala na mbuzi."

Mgeni alale na mbuzi! Germana alimpa mgongo. Aliingia, akakaa, akakunja mikono. Basi na aende.

Siku iliyofuata ukungu haukuondoka mpaka mchana. Marsela alipita dirishani. Dirisha lilifanya kazi yake vizuri, lilimwonyesha tangu kwenye kona. Lakini Marsela hakuja mlangoni. Alizunguka nyumba. "Namsalimia Senteu tu!" alisema alipoona ameonekana. Baada yake akapita katekista, naye anamsalimia Senteu. Kisha Evarista, kifua chake kimepona ghafla, amebeba kibuyu cha maziwa mgando.

Germana alisubiri watoke. Alinyoosha kitambaa cha kochi la kwanza, la pili, la tatu. Kupitia ukuta wa tofali alisikia mtu akikohoa kwa moshi, halafu kicheko, kisha vicheko vingi kwa pamoja, vile vya zamani, vya watu waliobanana. Mbuzi mmoja akalia na mtu akamjibu, wakacheka tena. Alijaribu kuwakasirikia mmoja mmoja, kwa majina, kama alivyofanya wiki zote hizo. Safari hii majina yaliisha upesi, na bado hasira ilikuwepo, imekaa mbele yake kwenye kochi la nne, haina pa kwenda.

Aliinuka. Alichukua birika kutoka jikoni, akazunguka nyumba.

Mlango wa mbuzi ulikuwa mfupi, ilibidi ainame. Moshi ulimshika macho, kwa hiyo kwanza alisikia tu harufu: samadi, maziwa, udongo mkavu wa paa la zamani. Kisha akayaona mafiga yake matatu, mekundu upande wa ndani, na Qamara amekaa pembeni na mwanambuzi mapajani. Senteu alikuwa chini, mgongo wake umeegemea magoti ya katekista.

Vicheko vilikatika. Watu wakatazama moto.

Germana alisimama pale na birika lake, amejikunja nusu, mgongo ukimwuma. Katika nyumba hiyo yeye hakuwahi kuwa mtu wa kusimama mlangoni. Hakujua mikono huwekwa wapi.

"Karibu, Mama Inosenti," Qamara akasema. "Pita ndani, kuna baridi."

Evarista akasogea. Mbuzi jike naye akasukumwa, akasogea bila kupenda. Palipatikana nafasi ndogo kati ya gunia na ukuta, Germana akajibana hapo, mabega yake yakishikwa na mabega ya wengine pande zote mbili. Hakuna aliyesema kuhusu dirisha. Mvua ilianza kunyesha juu ya udongo, na huku chini ilisikika kwa mbali, kama inanyesha kijiji kingine.

Alitua birika kwenye mafiga. Alimgeukia Marsela.

"Haya," alisema. "Hiyo pikipiki. Kwa mama nani?"

Marsela akasogea karibu, akashusha sauti.