Madoa Yasiyotoka kwa Sabuni

Phelista alikuwa na maringo, na hakuyaficha. Kufua nguo nyeupe alifundishwa na mama yake kule Bungoma, na tangu aje Kitale hapajatokea mkono kama wake. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuna aliyembishia.

Hadi mwaka ule wa 2006, mzee Festus, mwenye nyumba ya wageni, alipomrudishia shuka sita zenye madoa ya manjano. Alimwambia mbele ya watu kwamba mkono wake umezeeka, na wiki ijayo kazi itaenda kwa mwingine. Loo, ilimuuma! Kazi ni ugali, sawa, lakini jina je?

Majirani walimnyooshea kidole Jerop, mchoma mahindi aliyeweka jiko lake karibu na kamba ya nguo. Festus naye akaleta askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji, amfukuze. Jerop akalia. Phelista hakulia wala hakukubali. Masizi ya makaa aliyajua tangu utotoni: ukifua, maji yanakuwa meusi na kitambaa kinabaki cheupe. Haya madoa yalikuwa na mafuta, yalinata vidoleni, na yalinuka plastiki. Akamwomba askari siku tatu tu.

Akairarua shuka yake mwenyewe vipande viwili. Kimoja alikitundika juu ya jiko la Jerop, kingine upande wa pili wa kamba, penye jaa la taka, ambako moshi haukukatika kutwa. Akavilinda kama kuku mwenye vifaranga.

Siku ya nne akawaita wote, akajaza beseni mbili. Sabuni ile ile, mkono ule ule. Kitambaa cha juu ya jiko la Jerop kiliingia cheusi kikatoka cheupe pe pe pe. Cha jaani kiliingia na umanjano, kikatoka nao, na mafuta yakaelea juu ya maji.

Askari alikuna kichwa. Festus akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, ni nani basi anayechoma uchafu wa namna hiyo.

Phelista alijifuta mikono taratibu. "Twende ukamwone, mzee."

Wakaenda. Pale jaani walimkuta mfanyakazi wa Festus mwenyewe akichochea moto wa chupa za plastiki na magodoro ya sponji yaliyochanika. Kwenye godoro moja jina la nyumba ya wageni lilikuwa bado linasomeka.

"Nazifua mimi," Phelista akasema, "unazichafua wewe."

Festus alimwamuru mtu wake auzime moto. Kisha akauliza, polepole, kama Phelista angezichukua tena zile shuka. Naye alijibu kwamba angezichukua, ila kwanza mzee akamwombe Jerop msamaha.

Alimsindikiza mwenyewe, kichwa juu. Msamaha ulipokwisha kuombwa, akanunua hindi moja moto, akapita katikati ya soko akilitafuna, na hakuharakisha hata kidogo.