Bunduki Isiyochafuka

Walimwita Tambara, na jina lilimkaa sawasawa, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha kitambaa begani, mfukoni au mkononi. Alikuwa fundi silaha wa askari wa hifadhi, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala la silaha. Akiamka asubuhi alinusa mafuta ya bunduki kabla hajanusa chai yake. Usimwonee huruma bado. Kazi aliipenda, na mkuu wake alimheshimu. Kilichomtafuna kilikuwa upweke, basi, na wala sitaki kulizungushazungusha neno hilo.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, naye alikuwa askari vilevile. Kituo chake kilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, kwenye vumbi ambalo hata ukifunga mdomo unalitafuna. Likizo kule ni bahati nasibu. Lakini bunduki zao zilikuwa kuukuu, zimechoka, na kila mwisho wa mwezi ilibidi ziletwe kwa Tambara zikaguliwe. Binti alipigana kufa na kupona ili awe yeye wa kupanda lori la kuzileta. Wenzake walidhani anapenda mjini.

Wakikaa wawili hao kwenye meza ya kazi, bunduki ikiwa imefunguliwa katikati yao, maneno yalitoka yenyewe. Habari za kituo, habari za marehemu mama, nani kaoa, nani kaachwa, mpaka kicheko. Waondolee bunduki uone. Kwenye simu walikuwa mabubu: "Umekula?" "Nimekula, baba." "Haya." Halafu kimya, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mmoja asingizie mtandao. Kuna watu wamepewa upendo mwingi na maneno machache, na hawa walikuwa wa ukoo huo.

Basi siku moja mkuu akamwita Tambara ofisini. Mezani kulikuwa na bunduki mbili mpya.

"Mzee, hizi kuukuu tunazitupa," mkuu alisema. "Vituo vyote vitapata aina moja kati ya hizi. Wewe na Sajenti mtazijaribu. Nataka kujua ipi haitamwangusha mtu."

Nikueleze kidogo, na usisinzie. Bunduki hizo zote mbili hutumia gesi ya risasi inayofyatuliwa ili kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ya kwanza, gesi inasukuma pistoni, pistoni nayo inasukuma bolti, kile chuma cha ndani kinachokwenda mbele na nyuma, na masizi yanabaki huko mbele kwenye mtutu. Ni nzito kidogo na inarusha bega. Ya pili haina pistoni. Gesi inarudi kwa bomba jembamba na kupulizwa moja kwa moja kwenye bolti. Nyepesi, tulivu mkononi, inalenga mpaka raha. Ila masizi yote yanaishia ndani, kama mtu anayepikia chumbani akalala na moshi wake. Tambara na wenzake waliziita ya pistoni na ya kupuliza, nasi tutaziita hivyohivyo.

"Hakuna kusafisha wala kutia mafuta mpaka jaribio liishe," mkuu aliendelea. "Wale wa vituoni wakiingia porini hawana nafasi hiyo. Na jambo jingine. Tukichukua ya kupuliza, itabidi iwe inaletwa kwako kila mwezi, kama hizi za sasa. Ya pistoni utaiona mara moja kwa mwaka."

Tambara aliitikia "Ndiyo, Afande," kwa sauti ya kawaida kabisa. Moyoni lakini! Moyoni alikuwa ameshaichagua ya kupuliza hata kabla ya kuigusa. Mara moja kwa mwaka? Mtoto wake wa pekee, mara moja kwa mwaka? Alitoka ofisini akijionea haya, kwa sababu alijua vizuri ni mikono ya nani itakayoshika hiyo bunduki mbele ya majangili.

Kazi ikaanza. Sajenti, mpiga shabaha wao, alikuwa mwanamke mwenye bega gumu na ulimi mgumu zaidi. Kila siku alipiga zote mbili mpaka mitutu ikapata moto, Tambara akizimwagia vumbi kwa koleo.

"Mzee, nirushie mimi kabisa, nimezoea," Sajenti alisema huku akitema mchanga.

"Wewe ukikwama sina vipuri vyako."

Jioni wenzake wote walirudi kwa watoto na kelele zao. Tambara alifunga lango la ghala, akaweka simu mezani, akakaa nayo. Wakati mwingine iliita, mara nyingi haikuita. Huku akisubiri alizitoa zile bunduki, akazifungua, akaziangalia, akazifunga. Kwa macho tu. Alizungumza nazo pia, maana mtu lazima azungumze na kitu. Aliiambia ya kupuliza habari za binti yake: alivyoanza kutofautisha skrubu kabla ya kujua kusoma, alivyokuwa hamwogopi mtu. Ile ya pistoni hakuipendelea sana, akaifunga upesi.

Jaribio likaenda likaenda. Ya pistoni ikakwama mara moja kwa mchanga, Sajenti akaipiga kofi, ikaendelea. Ya kupuliza haikukohoa. Siku za jaribio zikatimia, Sajenti akaishusha begani, akaitazama kwa mshangao.

"Hii kitu imenishinda. Mimi niliapa itakufa zamani. Mzee, tumepata bunduki! Niende kwa mkuu?"

Tambara, mwili mzima ukicheka, akaichukua ili aikague. Akavuta bolti. Akatazama ndani, na kicheko kikamkauka.

Ilikuwa inang'aa.

Bunduki ya aina hiyo, baada ya risasi zote zile, ilitakiwa iwe nyeusi tii, masizi yameganda kama ukoko wa sufuria. Alitia kidole, kikatoka na vumbi la asubuhi hiyo tu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa chake. Kilikuwa cheusi na bado kina mafuta. Nilisema kwa macho tu? Ndivyo alivyodhani na yeye, maskini. Jioni zote zile, macho yakiwa kwenye simu na mdomo ukizungumza, mikono ilikuwa inafuta. Ya pistoni ilinusurika kwa sababu bolti yake haikuwa na masizi ya kuiita mikono hiyo. Ni ulemavu wa mafundi silaha peke yao: mweke kinyozi kando ya mtu amelala, hatamnyoa, mweke fundi silaha kando ya bolti chafu, haya, utaona.

"Vipi, mzee?" Sajenti aliuliza huku akiokota maganda.

"Ngoja kwanza. Usimwambie mkuu."

Lakini Sajenti na siri wapi na wapi! Alikuwa ameshawapigia wa vituoni kwa redio kabla ya jua kushuka. Na jioni hiyo simu ikaita.

"Baba! Kumbe ya kupuliza ndiyo imeshinda?" Sauti ya binti ilikuwa juu, ina furaha ambayo Tambara hakuwa ameisikia kwenye simu tangu amnunulie simu hiyo. "Kwa hiyo nitaendelea kuja kila mwezi. Nilikuwa naogopa, ujue. Sikukwambia tu."

 Kumbe na binti alikuwa anaogopa kitu kilekile, huko kwenye vumbi lake, kimyakimya.

"Mama," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita tangu mdogo, "hiyo uliyonayo umeisafisha lini?"

"Aa, baba, umeanza."

"Nakuuliza."

"Tulikuwa porini wiki nzima. Kitambaa nilichokuwa nacho nilimfungia mwenzangu mguu. Nitaisafisha, usinigombeze."

"Sikugombezi," alisema. Kisha akasema mtandao mbovu.

Asubuhi alisimama mbele ya mkuu. "Afande, jaribio limeharibika. Niliisafisha ya kupuliza."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mikono tu."

Mkuu alimtazama, akataka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. "Ungenyamaza nisingejua."

"Najua usingejua."

Wakaanza upya, na safari hii ufunguo wa ghala akapewa Sajenti. Tambara aliambiwa akae nyuma ya mstari na asiguse kitu, akakaa amekumbatia mikono yake kwapani kama mtu mwenye baridi. Ya pistoni ilichafuka, ikakwama kwa mchanga kama mwanzo, ikapigwa kofi, ikaendelea. Ya kupuliza ilianza vizuri. Baadaye ikawa inarudi polepole, nzito, mpaka ikagoma, ganda limeng'ang'ania ndani. Sajenti akapiga kofi. Akavuta kwa nguvu zote. Akaegemeza kitako chini na kukanyaga kwa buti, huku akiitukana ukoo mzima. Tambara aliona yote hayo, ila aliyekuwa anamwona akihangaika pale hakuwa Sajenti.

"Si bunduki mbaya hiyo," alimwambia mkuu baadaye. "Nipe mimi nikae nayo kila jioni, haitakwama mpaka nizikwe. Lakini mimi sitakuwa huko. Nunua ya pistoni."

Zikanunuliwa. Lori likazipeleka vituoni na kurudi na zile kuukuu, na aliyekuja nalo alikuwa dereva peke yake. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita. Tambara alipanga vipuri ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kuna siku alipika chakula cha watu wawili, akala chote kwa hasira, akaumwa tumbo.

Msimu wa mvua ulipoanza, simu iliita mchana wakati amekaa kwenye meza tupu.

"Baba, nipo. Nipo mzima," binti alisema, na kwa jinsi alivyosema, Tambara akasimama. "Tulikutana na majangili mtoni. Nilianguka na bunduki, imejaa tope mpaka kwenye bolti. Nikaitikisa, maji yakatoka mtutuni. Nikafyatua, ikalia, baba. Ikalia mpaka wakakimbia."

"Alhamdulillahi." Alikaa tena. "Umeumia?"

"Goti tu."

"Umelifunga?"

"Nimelifunga."

Kikaja kile kimya chao. Alikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba amefurahi mpaka anatetemeka, kwamba chumba ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba chai ya peke yako haina ladha. Hakuna hata moja lililojua njia ya kutokea. Akauliza lile aliloliweza.

"Bolti je? Inakwenda vizuri? Haisiti?"

"Haisiti," binti alisema taratibu. "Nimeitafutia kosa, baba. Kila siku naifungua naitafutia kosa ili niilete. Haina."

Tambara aliishika simu kwa mikono miwili. Alimshukuru Mungu kwa bunduki ile, kwa moyo wake wote, na kwa moyo huohuo akatamani, Mungu amsamehe, ingekuwa na shida japo kidogo.