Mashine ya Kushona Ndani ya Lualaba

Wakati wa vita Albertine aliizamisha mashine ya kushona ya marehemu mama yake katika mto Lualaba, kando ya mwamba, askari wasiichukue. Leo mwanawe Ilunga alikuwa akiitafuta, maji kiunoni, kwa chombo cha kutambua chuma. Kililia kila mahali.

"Mama, mto muzima njo chuma!"

"Polepole. Tuchambue kama mchele, kitu kimoja kimoja. Vua saa."

Ilunga akaivua, kikalia. Akavua mkanda, kikalia bado. Ndipo Albertine akautazama mtumbwi alioukalia, ambao Ilunga alikuwa akiukokota nyuma yake. Matundu yake yalizibwa kwa vipande vya bati.

"Nisukume mbali. Njo huu mutumbwi unakudanganya!"

Ilunga akausukuma, chombo kikanyamaza. Ukimya ule ulimtisha Albertine kuliko kelele: labda mashine haikuwepo tena. Ilunga akauzunguka mwamba, kikalia. Akapapasa tope.

"Mama, iko na gurudumu."