Kibano Nyuma ya Skrini

Siku ya tatu, Bi Nyaya alikuwa bado amelala chali chini ya dashibodi ya ndege ileile, tochi mdomoni, mgongo ukimuuma hadi kisogoni. Jina hilo alipewa na wenzake karakanani. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa mifumo ya umeme ya ndege, na hakuna aliyezijua nyaya kumshinda.

Skrini inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani ilikuwa ikizimika angani, sekunde mbili tatu, kisha inawaka kama haijafanya kosa lolote. Ikipimwa chini, nzima kabisa. Alishabadilisha skrini. Alishabadilisha na kompyuta inayoipelekea taarifa. Asubuhi hiyo rubani alikwenda kuijaribu, akarudi na jibu lilelile.

"Dada, imenizimikia tena, nilipopita kwenye mawingu."

"Ndege ilitikisika?"

"Sana tu."

Basi akaachana na vipimo. Alipenyeza mkono nyuma ya skrini, akaanza kulitikisa tita la nyaya kidogo kidogo kwa vidole, msimamizi wake akiwa kwenye kiti cha rubani, macho kwenye skrini.

"Imezima!" msimamizi akapaza sauti. "Shika hapohapo!"

Kibano cha chuma kinachoshika nyaya kilikuwa kimefungwa kinyume. Ukingo wake ulikuwa umekula ganda la waya mmoja hadi shaba ikaonekana. Bi Nyaya alikitoa, akakitazama kiganjani. Kazi ile aliikumbuka. Miaka miwili nyuma, wiki ambayo mama yake alilazwa, alikifunga yeye mwenyewe kwa kupapasa, akasaini, akakimbilia hospitali.

Alibadilisha waya, akafunga kibano kipya, kisha akaandika ripoti. Msimamizi aliisoma amesimama.

"Bibie, si ungeandika uchakavu tu? Nani atauliza?"

"Uchakavu haugeuzi kibano."

"Nitalazimika kukuondolea ruhusa ya kusaini mpaka ufanye mtihani upya. Mtu mzima wewe, ukakae darasani na wanagenzi?"

"Nitakaa. Na zile ndege nyingine nilizozishika wiki ile zifunguliwe. Ziko nne."

Msimamizi alivua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha akaandika namba za ndege zile nne.

Kesho yake alasiri simu kutoka karakanani ilimkuta nyumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Ndege tatu zilikuwa salama. Ya nne ilikuwa na kibano kimegeuka vilevile, na waya wake ulikuwa umebakiza ganda jembamba kama ngozi ya kitunguu. Alishukuru, akakata simu, akaiweka kifudifudi kitandani.

"Habari mbaya?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama. Imewahiwa. Nimechoka tu."

"Ngoja nisogee, ulale hapa."

Kikongwe akaanza kujisogeza ukutani polepole, akiguna. Kabla hajamaliza, binti yake alikwishalala, viatu mguuni.