Upande wa Mashariki wa Shimo

Yusra na mumewe, Nasri, walikuwa wakichora ramani ya shimo moja kwenye sayari ya Mirihi. Kimondo kiliigonga sayari ile zamani mno, kikaacha shimo pana kama kutoka Busi, kijijini kwa kina Nasri, hadi Kolo, na ardhi ya pembeni ikatapakaa kama tope lililokanyagwa na ng'ombe. Walikutana chuoni Dodoma wakisomea miamba. Yusra alichora ndani ya shimo, Nasri akachora nje, penye mawe yaliyorushwa na kishindo.

"Wewe umejifungia ndani kama bibi harusi," Nasri alimtania. "Mimi ndiye ninayezurura juani."

Ndoa yao haikuwa imetimiza mwaka pikipiki aliyopanda Nasri iliposombwa na maji ya korongo wakati wa masika, naye akafa. Yusra akaenda kukaa eda Busi, kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Kompyuta ya Nasri alikwenda nayo, lakini hakuwa na moyo wa kuifungua.

Siku moja walikuwa wakipukuchua mahindi.

"Mwanangu," Bi Sikudhani alisema, "msibani watu waliniuliza Nasri alikuwa anafanya kazi gani. Nilikosa la kuwajibu."

Yusra akaileta kompyuta, akamwonyesha ramani.

"Huku ndiko alikokwenda?"

"Hapana, mama. Hakuna mtu aliyewahi kufika. Alichora kwa kuangalia picha."

"Na hapa mbona peupe?"

"Mashariki. Hakuwahi kumaliza."

Bi Sikudhani aliweka kidole pale peupe, akakiacha hapo kwa muda mrefu. "Mmalizie, mwanangu."

"Nikimaliza nitabaki na nini, mama?"

Mama yule alijifunika uso kwa khanga.

Kuanzia kesho yake Yusra alichora kila asubuhi. Alifuata namna ya Nasri, akianzia pale ardhi iliyotapakaa ilipokomea na kurudi nyuma hadi kwenye ukingo. Penye utata alimuuliza kwa sauti, "Hapa ungepitisha wapi?" Kisha alisubiri kidogo kabla ya kuendelea, kana kwamba angejibiwa.

Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri, weupe ulikwisha. Yusra akatoka uani.

"Imekwisha?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Imekwisha, mama."

Yusra akaketi chini kando yake. Msibani walikuwa wamelia wakizungukwa na watu. Safari hii walilia wawili tu, na hakuna aliyekuja kuwanyamazisha.