Siku Kigingi Aliporuka

Mpira unapokosa kikapu na kurudi hewani, ukumbi mzima huinua macho. Kigingi hakuinua. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kumtafuta mpinzani mrefu kuliko wote, kumwekea mgongo, kutanua viwiko na kukita miguu mpaka mpira udondoke mikononi mwa mwenzake. Mwenzake huyo, ambaye mashabiki walimwita Johari, ndiye aliyeandikiwa kuudaka mpira huo, yaani ribaundi, akashangiliwa na kupigwa picha. Kigingi aliandikiwa sufuri, akaenda nyumbani na mbavu zinazomuuma.

Aliyemfundisha hivyo ni kocha wao, mtu mkavu wa maneno ambaye wachezaji walimwita Mwalimu. Alimtoa katika timu ndogo alikokuwa mfungaji tegemeo, pointi kumi na saba kila mechi, akamwambia, “Wafungaji ninao. Nataka mtu wa kuuacha mpira.” Kigingi alidhani anataniwa. Kisha akakubali, na tangu msimu ule timu ilifika fainali mara mbili.

Sasa msimu ulikuwa umebakiza mechi moja, ya Jumamosi. Wakishinda wangeingia kwenye mtoano, na mkataba wa Mwalimu ungejiongeza wenyewe kwa mwaka mmoja. Wakifungwa, hatima yake ingekuwa mikononi mwa mwenyekiti wa klabu, na mikono hiyo aliijua. Jumatano asubuhi mwenyekiti alimwita ofisini. Juu ya meza ya kioo, kati ya simu mbili na kikombe cha chai kilichopoa, palikuwa na karatasi za takwimu.

“Dakika ishirini na nane uwanjani,” mwenyekiti alisoma, kidole kikiwa kwenye mstari wa Kigingi. “Pointi mbili, ribaundi mbili. Mbili! Hata mimi na kitambi changu ningeokota mbili.”

“Tazama Johari anapata ngapi akiwa naye, kisha utazame anapata ngapi Kigingi akiwa benchi.”

“Johari ni Johari.”

“Mwezi uliopita Kigingi aliumia kifundo. Johari akashuka mpaka ribaundi nne, na tukafungwa mara tatu mfululizo.”

“Johari alikuwa na mafua.”

Mwalimu aliitazama karatasi. Utamwonyeshaje mtu kitu ambacho ubora wake ni kwamba hakikutokea? Mpinzani hakuruka, pasi haikupigwa, kikapu hakikuingia. Hakuna safu kwenye karatasi ambamo hayo huandikwa.

“Kizuri chajiuza, Mwalimu,” mwenyekiti alisema huku akikunja karatasi. “Huyu wako unamtembeza mwaka wa sita. Jumamosi nitamtazama mara ya mwisho, basi.”

Klabu haina siri. Alhamisi Mwalimu alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, Kigingi alikuwa peke yake kwenye benchi, akifunga bandeji goti la kushoto.

“Naachwa?”

“Jumamosi ndiyo itaamua.”

“Kwa kipi? Kwa yale uliyonikataza?” Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwalimu. “Nina miaka thelathini na mitatu. Timu nyingine nazo zitasoma karatasi hiyohiyo. Binti zangu wakiniuliza nilikuwa hodari wa nini, niwaambie nilikuwa hodari wa kuacha?”

Mwalimu aliketi. Siku zote alijiona mtetezi wa wanyonge wa timu, mtu pekee mwenye macho. Leo alijiona mwingine. Alikuwa amechukua jina la mtu na kulitia jikoni kama kuni, chungu kikaiva, na chungu kilikuwa chake: zile fainali mbili zilitajwa kwa jina lake, si la Kigingi. Aliona haya, tena haya ya mtu mzima, yasiyo na pa kujificha.

“Jumamosi usimzuie mtu,” alisema. “Ruka.”

“Tutafungwa.”

“Najua.”

“Na wewe je?”

“Miaka sita hujawahi kunikatalia. Usianze leo.”

Jumamosi Kigingi aliruka. Mara mbili za kwanza mpira ulimponyoka, kisha mikono ikakumbuka ujana wake. Kufikia mapumziko alikuwa na ribaundi tisa, na jukwaa lilikuwa limeanza kuliimba jina lake. Johari, asiyezoea kuwekewa mwili, alisukumwa huku na kule mpaka akaja benchi akilalamika, “Mwalimu, mwambie anizuilie mtu wangu.” Mwalimu alimpa chupa ya maji. Mpinzani mrefu, kwa mara ya kwanza akiwa huru, alifunga thelathini na moja. Robo ya nne ilipokwisha, Kigingi alikuwa na pointi kumi na tisa na ribaundi kumi na saba, na timu ilikuwa imefungwa kwa tofauti ya ishirini na mbili. Wachezaji wengine kumi na mmoja walitoka wameinamisha vichwa. Mwalimu alikuwa amewauza wote kwa ajili ya mmoja.

Jumatatu mwenyekiti alimpokea kwa bashasha. “Kumbe mtu mwenyewe ndiye huyu! Nimempa miaka miwili. Kesho anatia saini.” Kisha uso ukabadilika. “Ila nieleze kitu. Miaka sita umekaa na mchezaji wa namna hii, ukamfungia kabatini. Kocha gani huyo?”

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ukweli ungeivunja saini ya kesho.

“Nilikosea,” alisema.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari imechapwa. Ilimsifu kwa utumishi wake na kumtakia kila la heri, na msaidizi wake alikwisha kuarifiwa kwamba yeye ndiye angeshika timu.

Kigingi alimkuta Mwalimu kwenye korido, ameshika jozi mbili za viatu na filimbi. Alisimama mbele yake, akaziba mlango mzima.

“Nakwenda kumwambia mwenyekiti yote.”

“Ukimwambia, ataisoma upya ile karatasi.”

Kigingi aliinamisha kichwa. Huko uwanjani wenzake, waliokuja kuchukua vitu vyao vya msimu, walikuwa wakichezacheza, mpira ukidunda sakafuni bila mpangilio.

“Basi niambie hili moja tu, Mwalimu. Msimu ujao, mpira ukiwa hewani, nifanye nini?”

“Kamwulize mwalimu wako mpya,” alijibu. Alikusudia kulisema kwa upole, lakini halikutoka hivyo.