Toleo la Nane

Yasmin alisoma barua pepe mara ya pili, akaisukuma kompyuta pembeni. Zaidi, mtoto wa mama yake mdogo, alikuwa ametuma mabadiliko yake kwa mara ya sita, na kasoro aliyoonyeshwa tangu mwanzo ilikuwa palepale.

Wote wawili walijitolea kwenye kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayoamua programu ipi iguse faili lipi. Zaidi aliandika, Yasmin alikagua. Walikuwa wanajenga uzio: programu isiyoaminika ifungiwe kwenye folda zake, isichezee za watu.

Mchana huo Zaidi alipanda gari kutoka Mohoro, akafika Kibiti kwa kina Yasmin amenuna.

"Dada, unanikomoa," alisema hata hajaketi. "Nimepima mwenyewe. Programu nimeikataza kuandika, na haiandiki."

"Kaa basi, utazame."

Yasmin akaandika programu fupi. Folda moja programu iliruhusiwa kuisoma tu. Nyingine, kuisoma na kuiandika. Ilipojaribu kubadilisha faili kwenye ile ya kwanza, ikakataliwa. Zaidi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha programu ikalihamishia faili lilelile folda ya pili, ikaliandika itakavyo.

"Nani atafanya hivyo?"

"Huyohuyo tunayemwekea uzio."

Zaidi akabeba begi lake, akaondoka bila kugusa wali wa kamba aliopikiwa na mama mkubwa wake.

Toleo la saba lilipokuja, alikuwa amezuia uhamishaji wote. Sasa hata programu ya kuandikia barua ilishindwa kuhifadhi, kwa kuwa huandika nakala pembeni kwanza, kisha huihamishia mahali pake. Yasmin akalaza kichwa mezani. Akaanza jibu kali, akalifuta, akapiga simu.

"Usifunge njia yote, Zaidi. Linganisha. Faili lisihamie mahali ambapo programu itapata ruhusa nyingi kuliko ilizokuwa nazo."

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Yasmin alikuwa amesema, kwa maneno yaleyale, kwenye barua ya kwanza.

"Basi leo nimesema."

Toleo la nane alilijaribu kila upande, likahimili. Akaandika jina lake kama mkaguzi, akalipitisha. Zaidi hakumshukuru. Alimtumia ujumbe tu: kuna mabadiliko mengine ameyaleta, ayaangalie haraka, maana wakaguzi siku hizi wanachelewesha sana watu.

Yasmin akaizima simu, akaenda kula.